Grafiksi kadi za kazi ya sinema: yanayopaswa kujulikana na waagizaji na wasafirishaji wa njia ya Dar es Salaam, Lilongwe na Dzaleka

Kamera zinazorekodi video ya 4K zimeshuka bei kiasi kwamba wapiga video wa Lilongwe na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wanaweza kuzifikia, kwa kununua, kuazima au kukodi. Tatizo huanza baada ya kurekodi. Kompyuta iliyotosha kwa video za kawaida hukwama, picha huruka na kazi ya siku moja huchukua wiki. Hapo ndipo mteja anapomwendea mfanyabiashara na kuomba "kadi ya kuharakisha".

Kwa mfanyabiashara asiyejua anachoulizwa, hilo ni ombi la hatari. Kadi moja inaweza kula faida ya mzigo mzima ikirudishwa dukani kwa sababu haifanyi kazi aliyoitarajia mnunuzi. Makala haya yanaeleza kadi hizo zinafanya nini, zipi zina soko na zipi zitakaa rafuni, na jinsi ya kuzifikisha salama.

Soko lenyewe

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini kwa miaka ya karibuni imehifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni lugha kuu ya biashara kambini, hivyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mbeya au Bukavu hahitaji mkalimani.

Tangu mwaka 2014 kambi imekuwa na Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongomani Menes la Plume. Muziki, ngoma na maigizo ya tamasha hilo huhitaji kurekodiwa na kuhaririwa. Kwa upande wa Lilongwe kuna harusi, matangazo, kazi za mashirika na filamu. Malawi ina watengenezaji filamu wanaojulikana nje: filamu ya Shemu Joyah, The Road to Sunrise, ndiyo ya kwanza kupelekwa na nchi hiyo kugombea tuzo ya Oscar.

Kwa nini kompyuta hukwama

Fremu moja ya 4K ya sinema ina pikseli 4,096 kwa 2,160, yaani 8,847,360. Hiyo ni zaidi ya mara 4 ya fremu ya HD ya 1,920 kwa 1,080. Kwa fremu 24 kila sekunde, kompyuta inapaswa kushughulikia pikseli zaidi ya milioni 212 kwa sekunde. Video hiyo ikiachwa bila kubanwa, kwa biti 12 kwa kila rangi, hufikia karibu megabaiti 955 kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo kamera huibana video kwa kodeki kama H.264 na H.265. Mafaili huwa madogo: video ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua karibu gigabaiti 45 kwa saa. Lakini kilichobanwa sana lazima kifunguliwe upya kila kinapochezwa, na kufungua ndiko kunakochosha prosesa kuu.

Kuharakisha kwa kifaa maana yake ni kuikabidhi kazi hiyo kwa sehemu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Sehemu hizo ni za aina mbili, na mnunuzi mara nyingi huzichanganya. Ya kwanza ni injini ndogo ya kufungua na kubana kodeki, kama Quick Sync ya Intel, iliyoanza mwaka 2011, na NVENC ya NVIDIA, iliyoanza mwaka 2012. Ya pili ni grafiksi kadi yenyewe, ambayo nguvu yake hutumika kusahihisha rangi, kuondoa chenga na kuweka madoido. Kadi inaweza kuwa hodari kwa rangi na bado ikashindwa kufungua faili la kamera ya mteja.

Kadi maalumu: fundisho la bidhaa iliyozeeka

Kampuni ya RED ilipoanza kusambaza kamera yake ya 4K mwaka 2007, kompyuta za wakati huo hazikuweza kucheza mafaili yake kwa ukamilifu. Mwaka 2009 ikatoa kadi iitwayo RED ROCKET, iliyouzwa karibu dola 5,000, ya kufungua mafaili hayo tu. Baada ya miaka kumi, grafiksi kadi za kawaida ziliifanya kazi hiyo hiyo.

Mwaka 2019 Apple nayo ilitoa kadi ya Afterburner kwa dola 2,000, kwa ajili ya kodeki za ProRes katika Mac Pro. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2021, injini ya ProRes iliwekwa ndani ya chipu za M1 Pro na M1 Max, na laptopu ikawa nayo bila kadi yoyote.

Fundisho kwa mfanyabiashara ni kwamba kadi inayofanya kazi ya aina moja ya faili huporomoka bei mara teknolojia hiyo inapoingia kwenye vifaa vya kawaida. Akiletewa kadi za namna hiyo kwa "bei ya kutupa", aulize kwanza nani atazinunua Lilongwe.

Swali la kumuuliza mteja

Kabla ya kuagiza, mfanyabiashara anashauriwa kumuuliza mteja ana kamera gani na inarekodi kodeki gani. Kuna mtego mmoja unaowaponza wengi. Kamera nyingi mpya, kama Sony a7S III na Canon R5 za mwaka 2020, zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10 iitwayo 4:2:2, inayohifadhi rangi zaidi. Injini za kadi za NVIDIA GeForce hazikufungua 4:2:2 hadi ulipotoka mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Mteja anayenunua RTX 4090 kwa pesa nyingi anaweza kukuta faili lake bado linakwama, ilhali laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, yenye Quick Sync, inalicheza vizuri. Kadi za Intel Arc za mwaka 2022 nazo hulifungua.

Programu pia ina masharti yake. DaVinci Resolve ina toleo la bure, lakini halitoi video kubwa kuliko 3,840 kwa 2,160, na baadhi ya njia za kuharakisha kodeki zimewekwa kwenye toleo la kulipia, Studio, ambalo kwa miaka mingi limeuzwa dola 295. Mteja asiyeelezwa hili atadhani ameuziwa kadi mbovu.

Umeme ndio kipimo

Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, na gridi ya Malawi ikapoteza karibu megawati 130. Kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila mnunuzi hulifikiria, hasa kambini ambako wengi hutegemea sola.

Kwa hiyo wati zinahesabiwa kabla ya nguvu. RTX 4090 inaweza kula wati 450 peke yake, na NVIDIA hupendekeza pawa saplai ya wati 850. RTX 3060 hula wati 170, na ile ya gigabaiti 12 inatosha kwa kazi nyingi za 4K. RTX 4060 hula wati 115, na Intel Arc A380 wati 75 tu, ingawa hii ya mwisho hutaka mazabodi ya kisasa ili ifanye kazi ipasavyo. Kwa mteja wa Dzaleka mwenye paneli mbili za sola, laptopu nzuri mara nyingi ni biashara ya haki kuliko kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa.

Iko pia njia isiyohitaji kadi kabisa: kutengeneza nakala nyepesi za video. Saa moja ya ProRes 422 HQ kwa ukubwa wa 3,840 kwa 2,160 na fremu 24 huchukua karibu gigabaiti 318, lakini nakala nyepesi ya ProRes Proxy ya HD huchukua karibu 16. Mhariri huacha kompyuta ikitengeneza nakala usiku umeme ukiwapo, hufanya kazi kwa nakala hizo, kisha hurudi kwenye mafaili makubwa mwishoni. Mfanyabiashara anayeuza diski za nje na UPS pamoja na maelezo haya hurudiwa na wateja.

Bandia na zilizochoka

Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji kwa grafiksi kadi, na kadi nyingi zilizotumika usiku na mchana ziliingia soko la mitumba. Baadhi bado ni nzima, zikihitaji feni mpya tu. Lakini zile zilizotengenezwa kwa uchimbaji pekee, kama mfululizo wa CMP wa mwaka 2021, hazina tundu la kuunganisha skrini.

Hatari kubwa zaidi ni kadi za zamani zilizobadilishwa jina. GTS 450 ya mwaka 2010 huweza kuuzwa kama GTX 1050 Ti. Kadi hiyo haina NVENC kabisa. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huonyesha neno "FAKE" inapogundua kadi ya namna hiyo. Kuijaribu kadi kabla ya kulipia ni kazi ya dakika chache.

Forodha na mmiliki wa mzigo

Grafiksi kadi inayosafiri yenyewe kwa kawaida huwekwa katika namba 8473.30, kompyuta kamili 8471, diski za SSD 8523.51 na kamera 8525. Kuandika "vifaa vya kompyuta" tu kwenye ankara ni kukaribisha ukaguzi na ucheleweshaji. Ankara ionyeshe modeli, namba ya kila kadi, na bei, nauli na bima kila kimoja peke yake. Viwango vya ushuru na VAT vithibitishwe na wakala wa forodha siku ya kuagiza, kwa sababu hubadilika.

Wapo wanaodhani utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo utawasaidia mpakani Kasumulu na Songwe. Hautawasaidia: Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na kadi iliyotengenezwa China haina asili ya ukanda huu.

Bei nayo iwekwe kwa tahadhari. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na aliyekuwa ameuza kwa mkopo wa kwacha alipata hasara kabla mzigo haujafika.

Kwa wateja wa Dzaleka kuna jambo la ziada. Malawi huwataka wakimbizi kuishi kambini, na Mei 2023 serikali ilianza kuwarudisha huko kwa nguvu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Wengine waliacha maduka. Ni salama zaidi mzigo uandikwe kwa jina la mwagizaji mwenye leseni nchini Malawi, makubaliano na mnunuzi yawe ya maandishi, na makabidhiano yafanyike kambini.

Njiani

Dereva anayepita Mbeya, Kasumulu, Karonga na Mzuzu hadi Lilongwe abebe kadi zikiwa nje ya kompyuta. Kadi nzito ikiachwa imechomekwa, mtikisiko huvunja tundu la mazabodi. Kila moja iwe ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na boksi lake, na kati ya Novemba na Aprili, msimu wa mvua, kuwe na vifuko vya kunyonya unyevu.

Kwa ndege kupitia Uwanja wa Kimataifa wa Kamuzu, betri za kamera hubebwa mkononi: hadi wati-saa 100 kwa kawaida hazina kizuizi, na kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege.

Kwa ufupi, kabla ya kulipa:

- Jua kamera ya mteja, kodeki yake na programu yake.
- Hesabu wati, kisha pawa saplai na UPS.
- Ijaribu kadi kwa faili halisi la mteja, hata kama ni la dakika moja.
- Andika namba za kadi kwenye ankara na ubaki na nakala.
- Kubaliana mapema nani analipa nauli kadi ikirudishwa.

Sharti la tatu ndilo linalookoa pesa nyingi. Faili la dakika moja linatumwa kwa simu, na jibu lake hupatikana kabla mzigo haujatoka Kariakoo.