Mikondo na istilahi kuu za fasihi ya Marekani

MWAKA wa 1773, kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston, kilichapishwa jijini London. Ndani yake mlikuwa na hati iliyotiwa saini na wanaume 18 mashuhuri wa Boston kuthibitisha kwamba mtumwa huyo ndiye aliyeyatunga. Swali la nani anastahili kuitwa mwandishi limeiandama fasihi ya Marekani tangu hapo, na istilahi zifuatazo hueleweka vyema likizingatiwa.

Utransendentali: Tawi la ulimbwende lililostawi Concord, Massachusetts, kuanzia miaka ya 1830. Ralph Waldo Emerson alishikilia kwamba binadamu huufikia ukweli kupitia nafsi yake na maumbile, bila kutegemea mapokeo. Katika hotuba ya 1837 aliwahimiza wasomi wa Marekani waache kuitegemea Ulaya. Henry David Thoreau alifuata na Walden (1854).

Masimulizi ya watumwa: Tawasifu za waliotoka utumwani. Iliyovuma zaidi ni ya Frederick Douglass (1845), ambayo anwani yake inatamka wazi kuwa aliiandika mwenyewe. Tamko hilo halikuwa la bure, kwani wengi hawakuamini kwamba mtumwa angeweza kuandika hivyo.

Uhalisia: Ulishamiri baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Waandishi walionyesha maisha ya kawaida kwa lugha ya kawaida. Katika Adventures of Huckleberry Finn, Mark Twain alimfanya kijana asiye na elimu kuwa msimulizi, kwa lahaja yake mwenyewe.

Uasilia: Mkondo uliozaliwa na uhalisia. Humwona mtu kama kiumbe anayetawaliwa na urithi na mazingira, kama ilivyo katika Sister Carrie (1900) ya Theodore Dreiser.

Usasa: Uliivunja miundo ya kale, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. William Faulkner, katika The Sound and the Fury (1929), alifuata mawazo ya wahusika yanavyojitokeza akilini, bila mpangilio wa wakati.

Mwamko wa Harlem: Vuguvugu la waandishi na wasanii weusi jijini New York katika miaka ya 1920. Alain Locke alihariri mkusanyiko wa The New Negro (1925), naye Langston Hughes akaingiza mahadhi ya jazi na bluzi katika ushairi. Hughes alihudhuria kongamano la waandishi wa Afrika lililofanyika Makerere, Uganda, mwaka wa 1962, ambako Ngugi wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alishiriki.

Mwanafunzi asidhani kwamba mkondo mmoja hufa ndipo mwingine uzaliwe, kwani huingiliana. Toni Morrison aliyarejelea masimulizi ya watumwa katika riwaya yake Beloved (1987). Mwaka wa 1993 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutuzwa Nobeli ya fasihi, miaka 220 baada ya Wheatley kudhaminiwa na mashahidi 18.