Kalamu ya Mwanagenzi: Wanafunzi na Vita Dhidi ya Ubaguzi, Kutoka Kilindini hadi Likoni

Historia ya kupinga ubaguzi Pwani ya Kenya husimuliwa kwa majina ya viongozi, migomo na hotuba. Kazi iliyoyabeba mapambano hayo haitajwi sana: kumsikiliza aliyedhulumiwa, kuyaandika maneno yake sawasawa, kisha kuyafikisha mbele ya mwenye mamlaka asiweze kuyakana. Ndiyo kazi anayojifunza leo mwanafunzi wa sheria anayefanya mafunzo ya nyanjani katika mashirika ya haki za binadamu Mombasa. Ndiyo pia inayoiunganisha bandari ya Kilindini ya 1947 na mitaa ya Likoni iliyo nyuma ya hoteli za Shelly Beach.

Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waligoma Mombasa. Walikutanika katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na mgomo huo ukazaa African Workers' Federation, chama kilichoongozwa na Chege Kibachia. Serikali ikaunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker. Mbele ya baraza, hasira haikutosha. Ugumu wa maisha ulihitaji kuonyeshwa kwa hesabu za ujira, kodi na chakula. Mishahara ikapanda, lakini Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet.

Ubaguzi wa zama zile ulikuwa na kipimo kilichoandikwa. Ripoti ya Holmes ya 1948 ilipendekeza Mwafrika katika utumishi wa serikali alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Ripoti ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyouondoa msingi huo. Machi 1955 makuli walipogoma tena, aliyekuja kuwasemea alikuwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kijana wa miaka 24. Alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, baadaye mwaka huo, akiwa tayari amehitimu katika meza ya mazungumzo ya Mombasa.

Mboya huyohuyo aliwafungulia vijana njia ya Marekani. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka kwa ndege, wakisaidiwa na michango iliyohimizwa na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wangari Maathai alifuata 1960. Katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi basi lao liliposimama Indiana, wakaambiwa hawawezi kuketi ndani ya mkahawa kwa kuwa ni weusi. Waliokwenda kutafuta digrii walikutana na somo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Marekani yenyewe ilikuwa na desturi ya uanagenzi wa haki. Katika Chuo Kikuu cha Howard, mwanasheria Charles Hamilton Houston alimlea mwanafunzi wake Thurgood Marshall, aliyehitimu 1933. Walizunguka pamoja majimbo ya kusini wakirekodi hali ya shule za watoto weusi, na taarifa za aina hiyo zikawa silaha mahakamani. Januari 1960 Marshall aliketi Lancaster House, London, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandaa rasimu ya haki za msingi iliyowalinda hata walio wachache. Desemba 1963 mkondo uligeuka: sasa Mkenya ndiye aliyewatia moyo Wamarekani. Oginga Odinga, kiongozi wa Kenya, alipofika Atlanta, vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi wapigania haki, walikutana naye, kisha wakaenda kuketi katika mkahawa wa jirani uliokuwa ukiwakataa weusi. Wakatiwa mbaroni.

Baada ya uhuru, rangi iliacha kuwa kipimo rasmi. Swali likawa asili: nani mwenyeji, nani wa kuja? Kituo cha Sheria kilichoanzishwa 1973 kuwahudumia wasio na uwezo wa kumlipa wakili, na ambacho baadaye kilifungua ofisi Mombasa, kilikuwa miongoni mwa taasisi zilizoipeleka sheria kwa wananchi. Lakini jaribio kubwa la Pwani lilitokea Likoni. Usiku wa 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuua askari, kisha wakawageukia wabara. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Hoteli za ufuoni zikakosa wageni.

Mwaka huohuo MUHURI, shirika la Waislamu la kutetea haki za binadamu, lilizaliwa Mombasa. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoteuliwa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila ilisikiliza mashahidi, lakini ripoti yake haikutolewa hadharani hadi 2002. Kwa anayejifunza utetezi, funzo la Likoni ni zito. Mbara aliyechomewa nyumba ana haki ya kusikilizwa. Mdigo, mwenyeji wa Pwani, aliyekamatwa kwa kuwa Mdigo tu anayo haki hiyohiyo. Mwandishi anayechagua wa kumsikiliza amekwisha kuwa upande wa ubaguzi.

Miaka ya karibuni vita vimehamia kwenye kitambulisho. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale kwa miongo bila uraia. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kuelekea Ikulu, Nairobi, na mwaka uliofuata wakatambuliwa rasmi. Wapemba walifuata 2023. Nyuma ya safari hizo kulikuwa na wasaidizi wa kisheria waliokusanya vyeti, viapo na ushahidi wa wazee, familia kwa familia.

Kazi hii ina hatari zake. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifunga akaunti za benki za MUHURI na za Haki Africa, shirika jingine la haki za binadamu; Novemba Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru zifunguliwe. Mwaka uliofuata, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilizitambua kliniki za sheria za vyuo vikuu miongoni mwa watoa huduma. Kwa hiyo mwanafunzi anayo nafasi ndani ya sheria yenyewe. Mafunzo yake yasipimwe kwa wiki alizokaa ofisini wala kwa muhuri wa msimamizi. Yapimwe kwa maelezo aliyoyaandika: je, yakisomwa mbele ya hakimu, aliyeyatoa atayatambua kuwa ni yake, na yatasimama?