Calamba, Kijiji cha Mtungi

Ukiichukua ramani ya Asia, msomaji, na kutazama upande wa kusini-mashariki, utaviona visiwa vya Ufilipino. Katika kisiwa kikubwa kuliko vyote, kiitwacho Luzon, kusini ya mji wa Manila, liko ziwa pana liitwalo Laguna de Bay. Na kando ya ziwa hilo, karibu na mlima Makiling, ndipo palipo Calamba. Siku hizi pana viwanda vingi, na tangu mwaka 2001 pamehesabiwa kuwa jiji. Lakini habari nikuelezazo ni za zamani, Calamba ilipokuwa mahali pa wakulima wa mpunga na miwa.

Juu ya jina lake wenyeji husimulia hivi. Askari wa Kihispania walimkuta msichana njiani, amechukua mtungi wa maji na jiko la udongo. Wakamwuliza kwa lugha yao, "Mahali hapa paitwaje?" Msichana hakujua Kihispania. Akadhani waulizia vyombo alivyochukua, akajibu, "Kalan, banga," yaani jiko na mtungi; kisha akakimbia kwa hofu. Askari nao wakaenda zao wakisema Calamba, na jina likaandikwa.

Je, tukiamini kisa hiki? Mimi nina shaka, kwa kuwa visa vya namna hii husimuliwa juu ya mahali pengi katika visiwa vile. Hata Luzon yenyewe husemwa yatokana na lusong, kinu cha kutwangia mpunga: ati mgeni aliwaona watu wakitwanga, akauliza, akatajiwa kinu! Visa viwili vyafanana mno. Hata hivyo usivitupe. Vyakuonyesha jinsi wenyeji walivyomwona mtawala wao: mtu aulizaye bila kuelewa jibu, kisha akaandika, na alichoandika kikawa ndiyo sheria.

Mwaka 1742 Calamba ilifanywa mji mdogo wa peke yake, na mwaka 1833 watawa wa shirika la Wadominiko wakainunua ardhi yake. Basi mkulima akawa mpangaji katika shamba alilolilima baba yake. Hata jina la ukoo halikuwa hiari yake, maana mwaka 1849 Gavana Clavería aliamuru kila jamaa iwe na jina la ukoo, akatoa kitabu cha majina ya kuchagua. Mkulima mmoja wa miwa, Francisco Mercado, aliongeza jina Rizal, litokanalo na neno la Kihispania lenye maana ya shamba lichipualo tena baada ya kukatwa. Kwa mtu wa jembe sijui jina lililo bora kuliko hilo.

Mwanawe José, aliyezaliwa mwaka 1861, akawa daktari na mwandishi. Aliporudi kutoka Ulaya akawasaidia watu wa kwao kuandika malalamiko juu ya kodi za ardhi, nao wakayatia sahihi mwaka 1888. Watawa wakashtaki, wapangaji wakashindwa. Gavana Weyler akapeleka askari. Jamaa nyingi zikafukuzwa katika nyumba na mashamba yao, na jamaa ya Rizal miongoni mwao. Wanaume kadhaa wakahamishwa kwa nguvu hadi visiwa vya mbali.

Hapo Rizal akapata wazo ambalo watu wachache hulikumbuka. Mwaka 1892 alikwenda Sandakan, katika Borneo ya Kaskazini iliyokuwa chini ya Waingereza, akatafuta ardhi ya kuwapa waliofukuzwa. Makao hayo alitaka yaitwe Calamba Mpya. Wazia jambo hilo, msomaji: watu wamenyang'anywa kila kitu, na kitu cha kwanza wanachotaka kukichukua kuvuka bahari ni jina la kwao! Gavana mpya, Despujol, alikataa. Mwaka huohuo Rizal akahamishiwa Dapitan, na tarehe 30 Desemba 1896 akapigwa risasi mjini Manila.

Baada ya Wahispania kushindwa, serikali ya Marekani ilinunua mashamba mengi ya watawa mwaka 1903, na ya Calamba yakiwamo, ili yauzwe tena vipande vipande. Ukifika huko leo utauona katika uwanja wa mji mtungi mkubwa mno uliojengwa, na majina ya vitongoji vya Calamba yameandikwa juu yake.