Amonia: Kanuni na Majaribio

Ndugu zangu wa dawati moja, wengi wetu tulikariri kwamba naitrojeni na haidrojeni hufanya amonia, tukajibu mtihani, basi. Historia yake ina funzo zaidi.

Mwaka 1907, huko Ujerumani, Walther Nernst alizipinga hadharani hesabu za Fritz Haber. Haber aliumia, lakini alirudi maabarani kupima upya pamoja na Robert Le Rossignol. Kanuni iliwabana: joto kali huivunja amonia, na baridi huchelewesha kuundwa kwake. Ikabidi waongeze kanieneo na kutafuta kichocheo. Mwaka 1909, kwa osmiamu na kanieneo la karibu mara 200 ya hewa ya kawaida, amonia ilidondoka.

Osmiamu ni adimu. Katika kampuni ya BASF, Alwin Mittasch na wenzake walifanya maelfu ya majaribio hadi chuma kikafaa, naye Carl Bosch akaunda mitambo ya kustahimili kanieneo hilo. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Amonia hiyo hiyo ilitoa mbolea, na katika Vita Kuu ya Kwanza ikatoa baruti. Kanuni ilionyesha njia, majaribio yakaifungua. Matumizi yake ni dhamana yetu, watumishi na raia.