Hadhira Iliyonyimwa: Jukwaa na Majadiliano ya Umma, Kutoka Kamirithu hadi Nakuru

Katika fasihi simulizi, fanani hajitoshelezi. Utendaji hukamilika pale tu hadhira inapoitikia, inapohoji au hata inapokataa. Makala haya yanadai kwamba udhibiti wa sanaa za maonyesho nchini Kenya umelenga, zaidi ya maneno yenyewe, kumtenga fanani na hadhira yake.

Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Kibali cha maonyesho kilifutwa Novemba, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Ajabu ni kwamba tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1980, ilhali jukwaa la Kamirithu lilibomolewa mwaka 1982. Kitabu kilivumilika, mkusanyiko haukuvumilika.

Aprili 2025, mvutano huo ulijitokeza upya mjini Nakuru, katika tamasha la kitaifa la drama. Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na Echoes of War, tamthilia ya Cleophas Malala kuhusu ufalme wa kubuni ambamo vijana wanakabiliana na watawala. Ilikuwa imeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaagiza irejeshwe. Hata hivyo, tarehe 10 Aprili wasichana walijikuta ukumbini pasipo hadhira wala vifaa vya sauti, huku Malala akiwa amekamatwa siku iliyotangulia. Nje, polisi walitumia gesi ya kutoa machozi. Wasichana wakaimba Wimbo wa Taifa, wakaondoka.

Uteuzi wa wimbo huo wastahili kuzingatiwa. Lahani yake yatokana na bembelezi ya Wapokomo, na maneno yake ni dua ya jamii nzima. Ni utungo usiohitaji kibali, na kila ausikiaye hupaswa kusimama. Walionyimwa hadhira waliita taifa zima liwe hadhira.

Wapo wanaohoji kwamba mwandishi ni mwanasiasa, na kwamba wanafunzi walitumiwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mahali pa kuipima ni mbele ya jukwaa, baada ya onyesho. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Yaliyotokea Nakuru yanaonyesha kuwa uhuru wa kusema, pasipo uhuru wa kusikilizwa, ni jukwaa tupu.