Radiamu ya Katanga, damu ya Kisangani

Mzee aliyenifundisha kuhesabu chembe nyeupe za damu alijifunza kazi kwa Wabelgiji, mji huu wa Kisangani ukiitwa bado Stanleyville. Mimi nilimkuta wakati wa Zaire. Kabla hajakuruhusu kugusa darubini alikusimulia kwanza habari za mgodi wa Shinkolobwe, na hakukubali uikatize. Alisema mtu wa maabara Mkongo asiyejua habari hizo anahesabu tu, hasomi.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akiitafutia madini kampuni ya Union Minière, alikuta huko Shinkolobwe, Katanga, mawe yenye urani nyingi ajabu. Penye urani pana radiamu. Kampuni ilinyamaza hadi mwaka 1922, kiwanda chake cha Olen, karibu na Antwerp, kilipoanza kuitoa. Wamarekani waliokuwa wakichuja mawe ya Colorado walishindwa, kwa sababu gramu moja iliyowahi kupita dola 100,000 sasa iliuzwa kama dola 70,000. Kwa takriban miaka kumi, mpaka Kanada ilipoingia sokoni, sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka katika ardhi yetu.

Shinkolobwe inakumbukwa kwa urani ya bomu la Hiroshima, na ndivyo inavyostahili. Lakini miaka 20 kabla ya bomu, radiamu ya Kongo ilikuwa ikiwekwa ndani ya miili ya wanawake wa Ulaya wenye saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari wa Paris na Stockholm, na baadaye Manchester, walitia radiamu katika vibomba vidogo, wakavipachika kwenye kizazi na kando yake, wakaviacha humo kwa saa nyingi au siku kadhaa. Wanawake waliokuwa wamekatiwa tamaa waliamka na kurudi kwa watoto wao. Nafurahi kwamba walipona. Kinachoniuma ni kwamba mama wa Mangobo au wa Lubunga, hapa Kisangani, mwenye ugonjwa huohuo, karne nzima baadaye, hana mashine ya mionzi katika mji wake.

Uponyaji ule ulikuwa na gharama. Kibofu kiko mbele ya kizazi, puru iko nyuma, na utumbo unaning'inia juu. Mionzi hupita humo mote. Mwanamke mmoja aliharisha wiki chache akapona kabisa. Mwenzake, aliyepewa kipimo kilekile, alianza kukojoa damu baada ya miaka miwili, au akapata fistula. Nani ataumia na nani atasalimika? Swali hilo lina umri sawa na tiba yenyewe.

Damu ilitoa ishara mapema. Mwaka 1903 Heineke, daktari wa Leipzig, aliwamulika wanyama kwa eksirei, akaona kwamba bandama na tezi za limfu ziliharibika mapema sana. Chembe nyeupe tunazoziita limfosaiti hufa kwa mionzi kidogo tu. Ndiyo maana watu walioshika radiamu walianza kupimwa damu mara kwa mara, na hata hivyo mmoja wao, Marie Curie, alikufa mwaka 1934 kwa upungufu wa damu uliotokana na uboho kushindwa kazi. Mzee wangu alilitaja jina hilo kila alipotukuta tumeharakisha kuhesabu.

Leo watafiti wanataka damu iseme kabla ya madhara kutokea. Kuna sitrulini, kitu kinachotengenezwa hasa na seli za utumbo mwembamba: utando wa utumbo ukiungua, sitrulini hushuka katika damu. Kuna pia kipimo kilichochapishwa mwaka 2005 na kundi la mtafiti Ozsahin, kwa wagonjwa 399. Walichukua damu, wakaimulika maabara kwa mionzi ya grei 8, wakasubiri, kisha wakahesabu limfosaiti zilizokufa. Wagonjwa ambao chembe zao zilikufa kwa wingi ndio waliopata madhara machache ya baadaye. Wale ambao chembe zao zilikataa kufa ndio waliokuwa hatarini. Nilipoisoma habari hiyo nilirudia mara mbili, maana nilitarajia kinyume chake. Hakuna kipimo kati ya hivi ambacho kimekuwa cha kawaida hospitalini, lakini njia imefunguka.

Basi tuvilete Kisangani tuone. Protini ya CRP, ambayo wengine huitumia kupima uvimbe unaoletwa na mionzi, hapa hupandishwa na malaria wakati wowote wa mwaka. Malaria hiyohiyo hushusha himoglobini na chembe sahani. Drépanocytose, yaani selimundu, nayo imo katika familia nyingi za mkoa wetu wa Tshopo. Zaidi ya hayo, watu wengi wa Afrika ya Kati wana neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, chache kwa kuzaliwa, na ni wazima kabisa. Daktari anayefuata jedwali la Ulaya anaweza kumwona mama wa hapa ameshaunguzwa uboho na kumsimamishia matibabu, kumbe hiyo ndiyo damu yake ya siku zote.

Jirani yangu mmoja alitibiwa Kampala. Mji huo nao ulikaa bila mashine kuanzia mwaka 2016, ile ya mwaka 1995 ilipoharibika moja kwa moja, hadi mpya ilipoanza kazi mwaka 2018. Yeye alirudi akiharisha, amechoka, chembe nyeupe zikiwa chini. Niliulizwa kama ni mionzi. Sikuweza kujibu, kwa kuwa hakuna aliyeandika chembe zake zilikuwa ngapi kabla hajaondoka.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa maabara na madaktari wa mji huu jambo linalowezekana kesho asubuhi. Mama yeyote anayepanda ndege au boti kwenda Kinshasa, au anayeelekea Kampala kwa ajili ya mionzi, apimwe kwanza damu nzima, tone nene la malaria, CRP na drépanocytose. Matokeo yaandikwe katika karatasi mbili, moja aibebe, nyingine ibaki kwetu. Akirudi apimwe tena. Na Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanza mwaka 1963, kikusanye karatasi hizo, kitupatie jedwali la damu ya watu wa Tshopo wenyewe.