Mtoto akinajisiwa, mzazi naye huumia

Mtoto anaponajisiwa, wote humkimbilia yeye, na ndivyo inavyopaswa. Hospitali ndiyo ya kwanza, kabla ya kikao chochote cha ukoo: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV huanzwa ndani ya saa 72, na mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Lakini fomu ya P3 ikishajazwa na majirani wakisharudi makwao, hubaki mama asiyepata usingizi na baba asiyezungumza. Hao wawili ni wachache wanaowauliza hali.

Kinachowala wazazi zaidi ni kujilaumu. Kwa nini nilimtuma dukani magharibi? Kwa nini nilimwacha kwa mjomba wake? Mara nyingi mtendaji ni mtu wa karibu, jamaa, jirani au mwalimu, na huyo huupata mlango kwa kuaminiwa. Kumwamini ndugu si kosa. Kosa ni la aliyeivunja amana. Ni rahisi kuyaandika haya kuliko kuyaamini saa nane za usiku, ndiyo maana mzazi huhitaji mtu wa kumwambia tena na tena. Mume na mke wakianza kutupiana lawama, mtoto husikia chumba cha pili, akadhani ni yeye aliyeivunja nyumba.

Yuko pia mama ambaye naye alidhulumiwa utotoni na hakuwahi kumwambia mtu. Kwake kidonda ni viwili. Huyu asijikaze peke yake. Amwone mshauri nasaha kwa ajili ya nafsi yake, si kama msindikizaji wa mtoto tu. Katika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, kuna kituo cha kuhudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, na mzazi anaweza kuulizia ushauri huko.

Akina baba wengi hugeuza uchungu kuwa hasira. Wengine hushika panga. Baba akimjeruhi mshukiwa, anayelala rumande ni yeye, na mtoto amempoteza mlinzi wakati anapomhitaji zaidi.

Nyumbani, kinachosaidia ni mambo madogo. Mtoto arudi shule na madrasa anapokuwa tayari, ale na alale saa zile zile, acheze. Asilazimishwe kuwasimulia shangazi na majirani yaliyompata. Mama akilia mbele yake si vibaya, mradi amwambie, "Nimehuzunika, lakini si kwa sababu yako, mwanangu." Kumfungia ndani kwa hofu humfanya aone kana kwamba ni yeye anayeadhibiwa.

Halafu huja wazee na maneno ya kumalizana: mbuzi, pesa, wakati mwingine hata ndoa. Hapa sitazunguka. Mzazi aliyepokea pesa hizo hukutana na mtendaji kisimani na msikitini, na mtoto humwona mtu huyo akisalimiwa kwa heshima. Jeraha la nyumba hiyo litapona vipi? Tena wazee hawana mamlaka hayo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inataja kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, na uamuzi wa kusitisha kesi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si wa familia.

Kesi nayo huchosha. Ikiahirishwa, kidonda hufunguka upya, basi mzazi asiende kortini peke yake, na mtoto asipelekwe siku ambayo hahitajiki. Ikifika zamu yake ya kutoa ushahidi, sheria inaruhusu akingwe asimwone mshtakiwa. Jambo hili liulizwe kwa kiongozi wa mashtaka mapema, kwa kuwa si kila mara litakumbukwa.

Nambari 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia hupigwa bila malipo. Mzazi anaweza kupiga kwa ajili yake mwenyewe, hata miezi kadhaa baadaye.